Kofia yenye tochi, rifleksa yenye indiketa au pochi yenye pawabenki: uanze kutengeneza ipi?

Vijana wengi saivi wanataka kubuni kitu cha kuvaa, yaani unachukua vitu viwili ambavyo watu wanavyo kila siku unaviunganisha kinakuwa kimoja. Wengine ni projekti ya shule, wengine wanaitolea macho MAKISATU (yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), wengine wanataka tu kitu cha kuuza Kariakoo wapate hela. Na karibia wote wanakwama palepale: mawazo yapo matatu, hela ya vifaa inatosha wazo moja.

Yanayojirudia kuliko yote, angalau kwa wanaonipitia mezani, ni kofia yenye tochi, jaketi la rifleksa lenye indiketa, na pochi ya kiunoni yenye pawabenki ndani. Yote yanatengenezeka na mtu mwenye pasi ya kuchomelea risasi, mita ya kupimia umeme na cherehani ya jirani, hakuna linalohitaji kiwanda. Ila ukishaanza kuyavaa hayafanani hata kidogo, so tuyapime kwa vipimo vilevile afu kila mtu aone lake.

TUNAPIMA NINI

Cha kwanza ni mikono. Kuunganisha vitu viwili kuna maana pale mtu anapovihitaji vyote kwa wakati mmoja na mikono yake ina kazi nyingine. Saa ya mkononi tunayoivaa leo ilipata watu hivohivo, mwaka 1904 rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont alikuwa analalamika kwamba akiwa hewani hawezi kuchomoa saa mfukoni maana mikono imeshika usukani, rafiki yake Louis Cartier akamtengenezea saa ya kufunga mkononi, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja askari wa mahandakini nao wakaizoea kwa sababu ileile, huwezi kushika bunduki huku unapekua mifuko. Sasa iangalie saa ya televisheni ya Seiko ya mwaka 1982. Kioo kiko mkononi kweli, lakini kidude cha kupokelea mawimbi kinakaa mfukoni na waya unakiunganisha na saa. Yaani unavaa saa yenye tv, unabeba na kiboksi chake. Kwa hiyo kwenye kila wazo tutauliza, hiki kinapunguza vitu mwilini au kinaongeza?

Cha pili umeme: betri gani, inakaa masaa mangapi. Cha tatu mwili, yaani uzito, joto, jasho, mvua na KUFUA. Watu wanasahau kufua kabisa, nguo ya kazi inafuliwa, tena mara nyingi na mtu ambaye hakuwepo siku unachomelea saketi. Cha nne, kimoja kikifa kingine kinabaki? Tochi ikiungua kofia iendelee kuwa kofia. Na cha mwisho ni nani hasa itamfaa, ukijibu "kila mtu" bado hujafikiria.

KOFIA YENYE TOCHI

Mikono: hapa kofia iko vizuri sana. Fundi aliyelala chini ya Noah saa mbili usiku kashika simu kwa meno ili apate mwanga. Mama anaechoma vitumbua alfajiri umeme umekatika, mkono mmoja una kijiti cha kugeuzia, mwingine una upawa wa kumiminia unga, tochi ataishika na nini? Shida ni kwamba tochi ya kichwani ya mkanda ipo madukani na sio ghali, hata kapelo zenye taa zinauzwa, so jiulize ya kwako inaongeza nini. Kuna jibu moja zuri, kwamba tochi ya mkanda unaikumbuka ukiwa ushaingia gizani na kapelo tayari iko kichwani.

Umeme: LED tatu ndogo nyeupe za milimita 5 zinakula miliampia 20 kila moja, jumla 60. Betri bapa ya lithiamu ya 500 mAh (miliampia-saa, yaani miliampia mara masaa) ina uzito wa kama gramu 10 tu na itakupa masaa nane hivi. Kila LED ipewe resista yake ya oumu 47, usiziunge zote kwenye resista moja, maana betri ikiwa imejaa inatoa volti 4.2 na LED nyeupe inataka kama 3.2, hiyo volti moja inayobaki lazima iliwe na kitu. Ukitaka mwanga wa kutisha ukaweka LED ya wati 1 jua inavuta miliampia 350, betri ileile inaisha ndani ya saa moja na nusu, na inatoa joto ambalo utalisikia kwenye paji la uso.

Mwili: betri ikae nyuma ya kisogo, taa ikae chini ya mdomo wa kapelo, uzito ugawane, vinginevyo kofia itakuwa inakushukia machoni ukiinama. Jasho la paji la uso lina chumvi na chumvi inaila shaba, ukiacha waya wazi utakuta viungo vimeota ukijani, so funika kila kiungo kwa gundi ya moto au mpira wa kusinyaa. Kwa kufua shona kimfuko cha velkro, saketi yote ichomoke kwa mkono mmoja. (Na wale wanaotaka kuweka LED kwenye barghashia... jamani. Kofia inafuliwa, inapigwa wanga, inavalishwa kwenye kibao inyooke, hiyo taa utaiweka wapi, iacheni.)

Kimoja kikifa: kofia inabaki kofia, hakuna hasara. Katika yote matatu hii ndo inayokufa kistaarabu zaidi.

Anayefaa: fundi, mfugaji anaeingia bandani usiku, mtu wa genge, mwanafunzi anaesomea sehemu umeme unakatika ovyo. Mchimbaji mdogo wa shimoni hapana, yeye anahitaji helmeti ngumu na kapelo itamdanganya tu kwamba kichwa kimekingwa.

RIFLEKSA YENYE INDIKETA

Hili ndo wazo wanaloanza nalo wengi na kiukweli linavutia, usiku barabarani unamuona dereva wa boda mgongo unawaka kulia, anakata, gari la nyuma linapunguza. Ukikaa kijiweni na bodaboda wenyewe ndo linaanza kupasuka. Dogo mmoja alikuwa anawaonyesha la kwake, katandaza jaketi juu ya siti, anawasha kushoto kulia, safi kabisa, mzee mmoja wa kijiwe akamuuliza taratibu, "Mwanangu, abiria akishapanda, hiyo taa anaiona nani?" Kijiwe kizima kikacheka. Maana ndo ukweli, abiria akikaa kifua chake kinaziba mgongo wa dereva, na asipokuwepo abiria kuna gunia au boksi la delivari. Taa inaonekana pale tu boda haina kazi.

Mikono: nusu nusu. Dereva anahitaji kuonyesha anakokata na mikono yake imeshika hendeli, sawa, lakini pikipiki ilitoka dukani na indiketa zake. Kama zimekufa kuzifufua ni rahisi kuliko kutengeneza jaketi. Asiye na kitu kabisa ni mtu wa baiskeli na mtu wa guta, huyo ndo anatoa mkono mmoja pembeni kuonyesha njia huku anayumba na mzigo. Kwake mchanganyiko huu una maana kamili.

Halafu kuna swichi. Taa ziko mgongoni, kidole kiko kwenye hendeli, unaviunganishaje? Ukitumia waya, siku atakayoshuka haraka akasahau kuchomoa atararua jaketi, so tumia pini kama ya hedifoni ya milimita 3.5 ambayo ikivutwa inatoka yenyewe. Ukitumia rimoti ya mawimbi unapata uhuru ila umeongeza kifaa cha tatu chenye betri yake, na tumerudi kwenye saa ya tv. Mimi naona waya wenye pini ni bora kwa kuanzia, wa kwenye rimoti wana hoja pia hasa kama mtu anashuka mara mia kwa siku kama wale wa delivari.

Umeme: huku ni raha. LED za njano nne kila upande, miliampia 20 kila moja, ni 80, lakini zinawaka na kuzima kwa hiyo wastani ni 40. Betri ya 2000 mAh itamudu kama masaa 50 ya kupepesa mfululizo, na hakuna mtu anaekata kona masaa 50. Unaweza kumaliza wiki kadhaa bila kuchaji. Mpepeso uwe kati ya mara 60 na 120 kwa dakika kama indiketa za magari, ukiupeleka haraka sana watu wanadhani ni mapambo ya harusi. Na kitu kinachosumbua wanafunzi wengi: chipu ya 555 ya kawaida, ile inayowasha na kuzima taa kwa mpigo, inataka kuanzia volti 4.5, ukiiunga na betri moja ya lithiamu inagoma au inafanya kazi kwa kusuasua, tafuta 555 ya CMOS, umbo lilelile, miguu ileile, inapokea volti ndogo.

Mwili: jaketi halina uzito wa kuumiza, joto ni lilelile la rifleksa. Adui ni mvua na vumbi. Ila kuna kosa moja la ushonaji nalikuta kila mara, mtu anatoboa ule utepe wa kung'aa ili apitishe LED. Usiuguse. Ule utepe una vijipunje vidogo vya kioo vinavyorudisha mwanga wa gari kulekule ulikotoka, haulii betri, hauna swichi, unafanya kazi hata mvaaji akiwa kalala. Taa zikae kwenye kitambaa pembeni ya utepe, na ukitaka abiria asizizibe ziweke kwenye mabega na mikono ya jaketi. Mwingine anahamia kwenye helmeti akitoboa ganda lake, hiyo pia hapana, ganda lililotobolewa limepunguzwa nguvu palepale ambapo litagongwa. Bandika, usitoboe.

Kimoja kikifa: rifleksa inabaki. Lakini indiketa ikifa upande mmoja ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa, kwa sababu mvaaji anaamini kaonyesha kushoto na aliyeko nyuma hajaona kitu. Taa za kofia zikifa unajua papo hapo, za mgongoni hujui. Lazima uweke njia ya mvaaji kujua, au awe na tabia ya kumuuliza mwenzake kabla ya kutoka.

Anayefaa: baiskeli, guta, watu wanaofagia barabara usiku, mafundi wa barabara, walinzi wa kuvusha watoto shuleni. Boda kama hana abiria.

POCHI YA KIUNONI YENYE PAWABENKI

Hii haina mbwembwe, majaji wa mashindano wanaweza kupiga miayo, ila ndo ina watu wengi zaidi wanaoihitaji mchana kutwa.

Mikono: wakala wa pesa za simu anashika simu mbili tatu, daftari, na hela za mteja, zote kwa pamoja. Konda ana noti zimekunjwa katikati ya vidole. Machinga ana bidhaa mkono huu na chenji mkono ule. Pochi tayari iko kiunoni kwao, pawabenki tayari wanaibeba kwenye mfuko wa suruali inaning'inia. Kuviunganisha kunapunguza kitu kimoja na kunatoa waya kwenye mfuko wa suruali.

Umeme: hapa ndo watu wanadanganywa na namba. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh hiyo ni hesabu ya betri za ndani kwenye volti 3.7, ambayo ni wati-saa 37. Ikipandisha kwenda volti 5 za USB, hata bila upotevu inakuwa 7,400, na upotevu upo. Simu ya 5,000 mAh utaichaji mara moja na nusu hivi, sio mara mbili. Mwambie mteja mapema, usimuache agundue. Na tafadhali usijenge pawabenki yako kwa seli za laptopu mbovu kisha ukamfunga mtu tumboni. Seli za 18650, yaani zile betri za mviringo za ndani ya laptopu, ni nzuri, zinatumika kila mahali, ila zile za kuokoteza zikiwa zimeshuka chini sana au zimebonyea zinaweza kupata joto na kushika moto wakati wa kuchaji, na hapa moto unaanzia kwenye kitovu. Nunua pawabenki nzima yenye kinga yake, kazi yako iwe pochi: mfuko wa ndani unaoikaza isicheze, njia ya waya iliyoshonewa, kitundu cha USB kinachotokea nje chenye kifuniko, upande wa mwili pawe na kitambaa cha wavu hewa ipite.

Mwili: pawabenki ya 10,000 ina kama gramu 200, mchana mzima kiunoni utaisikia, mkanda uwe mpana. Kufua ni rahisi kwa sababu pawabenki inatoka. Wizi nao ni sehemu ya mwili kwa maoni yangu: waya unaotoka kwenye pochi kwenda kwenye simu unamuonyesha kibaka simu iko wapi, so simu ichajiwe ikiwa NDANI ya pochi zipu imefungwa, lakini simu na pawabenki vikichaji pamoja kwenye kitambaa kilichofungwa vinapata joto. Hapo ndo kazi ya kubuni ilipo haswa, kutenganisha vyumba viwili na kuacha hewa, na sijaona aliyeimaliza vizuri.

Kimoja kikifa: unatoa pawabenki mbovu unaweka nyingine. Pochi inaishi zaidi ya pawabenki tatu.

Anayefaa: wakala, machinga, konda, msafiri wa basi la mikoani, mtu wa delivari. Asiyefaa ni anaekaa ofisini karibu na soketi.

KABLA HUJABANDIKA SOLA

Karibia kila mtu akifika hapa anasema "afu naweka na sola juu". Piga hesabu kwanza. Kipaneli cha wati 1, cha kutosha kwenye kofia au pochi, kikipata jua kali la moja kwa moja masaa matano kinatoa wati-saa 5 ukiwa na bahati. Simu ya 5,000 mAh inahitaji kama 19. Siku nne kujaza simu moja, na hapo pochi isizibwe na mkono wala tumbo. Kwa simu ni urembo. Kwa indiketa na tochi za LED hizo wati-saa 5 ni nyingi mno, zinatosha na kubaki, kwa hiyo sola iende kwenye rifleksa kabla ya kwenda kwenye pochi, kinyume kabisa na watu wanavyofanya. Angalizo ni joto, betri za lithiamu nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na kofia iliyokaa juani Dodoma saa saba mchana inafika huko bila shida. Paneli juani, betri kivulini, zisigusane.

HATAZA JE?

Kwa wanaotaka kusajili: kuunganisha vitu viwili vinavyojulikana peke yake mara nyingi hakutoshi kupata hataza (haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wako), mkaguzi atasema fundi yeyote angewaza hivyo. Kinachoombewa ni suluhisho la lile tatizo la ndani, mfano pini inayojichomoa au vyumba viwili vya pochi visivyopashana joto. Kenya kuna pia cheti cha modeli ya matumizi kinachotolewa na KIPI, taasisi yao ya kusajili uvumbuzi, hicho kinataka upya na matumizi tu, hakikubani kwenye ugunduzi mkubwa, kwa vitu vya aina hii ndo saizi yake. Tanzania Bara unaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na kuna ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la haki miliki, kule Harare kwa anaetaka nchi kadhaa kwa mpigo. Usirushe video mtandaoni kabla ya kuomba, upya unaweza kuuua wewe mwenyewe.

SASA UANZE NA IPI

Kama ni projekti ya shule na una wiki chache na hela kidogo, kofia. Saketi yake ni ya LED, resista, swichi na bodi ndogo ya kuchajia, ikifeli hujaumiza mtu, na unaweza kumueleza mwalimu kila waya unafanya nini.

Kama unaingia mashindanoni na majaji wanataka kuona umeme ukifanya kazi, rifleksa, ila peleka ya baiskeli au guta, sio ya boda, na uwe na jibu la swali la yule mzee kabla hawajakuuliza.

Kama shida yako ni kuuza, pochi. Fundi cherehani atakuwa na kazi kubwa kuliko wewe wa umeme na hilo liko sawa, mgawane. Anza na mawakala wa mtaani kwako, wape watano wavae, kaa kimya uangalie wanachokilalamikia.

Kama hutaki kushika betri kabisa, chukua pochi, maana ndo pekee ambayo betri unainunua ikiwa imekamilika. Na kama una mtu mmoja maalumu unaemtengenezea, mzee wako anaefuga, dada yako anaefunga genge usiku, basi sahau nilichoandika kuhusu soko na uangalie mikono yake iko wapi muda anaohangaika.

Bado unayumba kati ya mbili? Jeff Hawkins kabla ya kutengeneza kompyuta ya mfukoni ya Palm alichonga kipande cha mbao cha saizi ileile akawa anatembea nacho mfukoni kama kweli. Fanya hivyo kwa zote mbili: shonea kwenye kofia betri iliyokufa, weka kwenye pochi jiwe la gramu 200, uvae siku nzima ya kazi, jua, jasho, daladala na yote. Ile utakayoivua saa sita mchana usinunue vifaa vyake.